Msiba wa Bwana Bajeti

Geita, Alhamisi jioni.

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma kushuka. Joto limebana, nguo zinanata mgongoni. Nimekaa mlangoni pa chumba changu hapa Kalangalala, naandika haya kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kuandika kwa adabu, na leo adabu sina.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa mambo ya kale. Nilisomea kufukua ardhi taratibu, kwa mwiko mdogo na brashi, kutafuta walichoacha watu wa zamani. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda makumbusho nikifuta vumbi kwenye vyungu. Wapi! Siku hizi hii ni biashara kama ya saruji. Mgodi ukitaka kupitisha barabara au kumwaga kifusi mahali, sharti kwanza watu kama sisi wapite, wafukue kilichopo na waandike ripoti, ndipo matingatinga yaingie. Kampuni za kufukua zinashindana kwa bei. Ya chini ndiyo inayoshinda, na hiyo bei ya chini haitoki mfukoni mwa mwenye kampuni, inatoka mgongoni mwa anayeshika sururu.

Kampuni iliyoniajiri sitaitaja. Meneja wetu naye sitamtaja, ila vibarua wamempa jina wenyewe: Bajeti. Ukimwomba glovu, anakwambia bajeti. Ukimwomba maji ya kunywa, bajeti. Mtu akiteguka mguu anapewa pole na bajeti. Cha ajabu, gari lake halijawahi hata siku moja kukosa bajeti ya mafuta.

Na mimi nisijifanye niko pembeni ya haya. Mkataba wangu ni wa mwezi mmoja mmoja, unahuishwa kama bando la simu.

Tuko kwenye kilima kidogo nje ya mji, upande wa njia ya Chato, pembeni mwa kijiji. Vibarua wetu ni watu wa kijiji hicho. Wanaume wengi walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakishuka kwa kamba kwenye mashimo marefu wanayoyaita maduara. Wanawake walikuwa wakiponda mawe. Sasa wanatuchimbia na kutuchekechea udongo kwa posho ya siku. Nasema posho kwa sababu Bajeti hataki neno mshahara lisikike pale kilimani. Mshahara una sheria zake, posho ni hisani.

Wiki iliyopita tukakuta makaburi.

Ni ya zamani sana, hakuna mtu kijijini anayejua ni ya nani. Watu wamelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, mmoja ana shanga shingoni, mwingine bangili ya chuma mkononi. Moyo wangu ulidunda kwa furaha, sitadanganya. Lakini kufukua mtu ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye fani hii. Unalala kifudifudi kutwa nzima, unaondoa udongo kidogo kidogo, kiuno kinawaka moto, na mfupa ukivunjika umevunjika. Ndiyo maana mteja hulipia kaburi bei yake peke yake, tena bei nono. Hilo nalijua kwa sababu Bajeti huongea na simu kama mtu wa mnadani. Nilimsikia akimwambia mtu wa mgodi kwamba makaburi ni kazi ya wataalamu maalumu, na gharama yake isilinganishwe na nyingine.

Vibarua nao wana masikio. Wakamtuma mama Kabula aje kuniambia kwamba bei ya kaburi haiwezi kuwa bei ya mtaro wa kawaida wa kufukulia, wanaomba nyongeza. Mama Kabula ndiye anayesimamia wanawake wa kuchekecha. Ni mjane, mtu mzima, mpole wa kusema lakini akisema wanaume hunyamaza. Niliupeleka ujumbe kwa Bajeti Jumatatu, tukiwa tunakula mchana.

Hakukasirika, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Aliendelea kuchambua miiba ya sato, kisha akaniuliza taratibu, "Nyamizi, hivi huku kwenu mtu akifa, wanaochimba kaburi mnawalipa?"

Nikacheka. Mimi ni Msukuma wa upande wa Maganzo, nimekulia kwenye misiba ya watu, na nikiulizwa habari za kwetu sijui kufunga mdomo. Nikamweleza yote. Kwamba msiba ni wa wote. Wanaume wanachimba, wanawake wanateka maji na kupika, na hakuna anayeuliza atapata nini. Kwamba usipokwenda kwa mwenzio unatozwa faini, ukirudia unatengwa, na siku yako ikifika utazikwa na nani? Nilieleza kwa maringo, kijiko hewani, mithili ya mtu anayetembeza wageni wa Wizara.

Akafuta mikono. "Safi sana," akasema. "Basi huu ni msiba."

Sikumwelewa mara moja. Akanifafanulia kana kwamba ananipa zawadi. Kesho asubuhi niwaambie wale watu, tena kwa Kisukuma, kwamba waliolala pale ni wazee wao, kwa hiyo tutawatoa kwa heshima, kama msibani. Siku za makaburi hakuna posho. Kampuni itatoa mchele na soda. Halafu akaongeza, huku anatafuta kijiti cha meno, kwamba mtu hawezi kudai malipo kwa kumshughulikia babu yake, ni aibu.

Kufa kufaana, wahenga walisema. Methali hiyo nilidhani naijua tangu darasa la tatu. Kumbe nilikuwa bado.

Mtu mwenye akili zake angekataa palepale. Mimi nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria ada ya mdogo wangu, nikasema sawa.

Jumanne asubuhi nikasimama mbele yao. "Mwangaluka," nikawaamkia, wakaitikia vizuri tu, na wazee nikawapa shikamoo zao. Kisha nikalisema lile neno kwa lugha ya mama yangu, lugha ambayo nilikuwa sijawahi kuitumia kumwibia mtu. Kwamba ni msiba, na msibani hakuna posho.

Nilisubiri zogo. Halikuja. Mama Kabula akauliza, "Mwanangu, ni msiba kweli?"

"Meneja amesema ni msiba."

"Amesema yeye, kwa kinywa chake?"

"Amesema yeye, mayu," nikamjibu, yaani mama.

"Haya," akasema, "kama ni msiba, ni msiba."

Jumanne na jana walifukua bure. Na jamani, walifukua kwa namna ambayo sijaiona hata chuoni! Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetania. Wanawake walivua kanga mabegani mwao wakafunika mifupa isipigwe na jua. Bajeti akazunguka na simu anapiga picha, halafu nikamsikia akimwambia yule mtu wa mgodi kwamba jamii imeshiriki kwa moyo mkunjufu, na kwamba makaburi yaliyokwisha yaandikwe kwenye malipo ya mwezi huu. Moyo mkunjufu! Nilikuwa nimeshika chekecheo, nusura nimtupie.

Leo yalikuwa yamebaki makaburi machache na mtaro mmoja mrefu. Mtaro ni kazi ya kawaida, ya posho, na lazima uishe kabla ya Jumatatu, matingatinga yanapoingia. Nimefika kilimani asubuhi, mtaroni hakuna mtu.

Walikuwa wote upande wa kijijini, chini ya turubai. Wanaume wameketi kwenye magogo na ndoo zilizopinduliwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, kuni zimerundikwa, masufuria yako mekoni. Sururu zetu zimeegeshwa kwenye mti kwa mstari mzuri kabisa.

Ni kweli, hiki kipande sikumwambia Bajeti, kwa sababu hakuuliza. Msiba ukiingia kijijini, hakuna anayeshika jembe mpaka tanga lianuliwe. Wenye mashamba hawaendi mashambani, wenye maduara hawashuki. Ukionekana na jembe begani wakati wenzio wako matangani, wewe ni mchawi au huna akili.

Mwanzoni nilidhani ni mgomo wa kijanja, nikataka kucheka. Nikawa natafuta jicho la mtu yeyote anikonyeze. Ndipo nikasikia kilio cha mama Kabula.

Hakikuwa cha kuigiza. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anayumba, anamwita Masanja. Masanja alikuwa mume wake. Duara lilimwangukia, na mwenye duara akasema kumfukua ni hasara kubwa kuliko faida ya mawe yatakayopatikana, akahamia shimo lingine na watu wake. Hawakumtoa mpaka leo. Na kwa kuwa hapakuwa na maiti, kila mtu alisubiri, tena akasubiri, na matanga hayakuwekwa kamwe. Mama Kabula ameniambia mwenyewe, ameshika mkono wangu, pua inamtoka: "Wewe ulikuja na msiba, mwanangu, na mimi wa kwangu nilikuwa nao ndani. Wa Masanja nimeuunga hapa."

Kumbe si yeye peke yake. Shija, kijana wa watu anayetaniana na kila mtu, alikuwa amekaa kwenye gogo anamtaja rafiki yake aliyebaki chini. Mwingine anamtaja kaka yake. Nimewatazama wale wanaume, nikatazama makaburi yetu ya zamani yaliyofunikwa kanga, nikaona haya mpaka vidole vya miguu. Watu wa zamani tunawatoa kwa brashi, na kila mmoja ana ankara yake. Masanja, mtu wa juzi tu, hakuna aliyemtoa hata kwa koleo.

Bajeti akaja. Hakushuka kwanza, akapiga honi. Akanipungia niende dirishani.

"Waambie msiba umeisha."

Nikamwambia msiba hauishi kwa kuambiwa. Akaanza kunifokea habari za Jumatatu, na katikati ya kufoka mama Kabula akawa amefika. Amepangusa uso, amejitanda. Meneja ikabidi ashuke. Mama Kabula akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama ipasavyo, akasema, "Pole sana na msiba, baba."

Nyuma yake wote wamejipanga. Mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, wanampa mkono meneja, pole na msiba, pole na msiba, pole baba. Na kwa haki! Aliyetangaza msiba si ndiye mfiwa? Bajeti amesimama na miwani yake ya jua, mkono unatikiswa hata hajui kwamba anatakiwa kujibu "nimeshapoa". Wa mwisho alikuwa Shija, akamuuliza kwa heshima zote mchele wa leo uko gari lipi, maana wa jana umeisha, na watu wa msiba hulishwa na mwenye msiba.

Bajeti aliondoka kwa kasi, vumbi lote tukala sisi.

Mchana akarudi, na nyuma yake lori. Ameokota watu huko Chato, wanaume watupu, na majembe yao na sururu zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nadhani ndivyo alivyowaza, kwamba wageni hawana babu hapa, kwa hiyo watachimba. Wakaruka chini wanacheka, wanajinyoosha. Wakaliona turubai.

Vicheko vikakatika. Kofia zikatoka vichwani. Majembe yakalazwa chini kimyakimya, kando ya njia, na wale watu wakaja wakitoa pole mmoja mmoja, wakaketi. Kiongozi wao, mtu mrefu wa sauti nene, akaomba kuuliza nani amefariki.

Shija akamweleza. Kwamba ni wazee waliofukuliwa pale juu, na wengine waliobaki kwenye maduara.

Yule mrefu akakunja uso. "Hao wazee wa juu," akasema, "ndio makaburi tuliyoitiwa sisi?"

"Mmeitiwa makaburi?"

"Tumeitiwa makaburi na mtaro. Mtaro kwa siku. Makaburi tumeambiwa kila moja lina malipo yake."

Hakusema kwa ubaya, alisema tu kama mtu anayeeleza safari yake. Lakini Shija akanyanyuka kwenye gogo lake.

"Kumbe wazee wetu wakifukuliwa na mtu wa Chato wana bei," Shija akasema. "Tukiwafukua sisi ndio bure."

Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena. Inanitia kinyaa mpaka kwenye ulimi. Ningeelewa mtu akisema hana fedha. Umaskini wa kampuni ningeuelewa. Lakini fedha ilikuwepo, imetengwa, ina jina lake! Alichofanya ni kuchukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyo navyo, kile kitu kinachofanya hata adui yako aje na jembe siku unapozikwa, akakipima, akaona kuna faida ndani. Na aliyemwonyesha kilipo ni mimi. Shenzi kabisa. Nasema shenzi na kwenye blogu yangu naruhusiwa.

Basi nikadhani sasa patawaka, wenyeji na wageni watashikana. Hakuna. Yule mrefu akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti moja iliyokunjwakunjwa, akaenda kuitumbukiza kwenye sahani ya rambirambi. Wenzake wakamfuata. Watu ambao hawajalipwa hata senti ya nauli wanawachangia rambirambi watu ambao hawajalipwa siku mbili. Mimi nikageuka pembeni nikalia, ndiyo, nimelia.

Bajeti akapaza sauti kutoka kwenye gari. "Nimewaleta kufanya kazi!"

"Kazi tumeiona, baba," yule mrefu akamjibu kwa upole. "Ila mtu hapiti msibani kama mbuzi."

Jioni ilipokaribia Bajeti akaniita tena. Sauti imebadilika, imekuwa ya kindugu. Nyamizi dada yangu, ongea nao, wewe wanakusikiliza, wewe ndiye mwenye lugha. Nikamuuliza leo niseme nini, maana Jumanne nilisema msiba. Leo ni wazee wao au ni mifupa? Nichague neno lipi?

Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikamwambia najua, na huwa unaisha kila mwezi. Kisha nikavua viatu, nikaenda kukaa mkekani karibu na mama Kabula.

Bajeti akabaki peke yake. Akapiga simu, simu haikupokelewa, au ilipokelewa akaambiwa asichotaka. Mwishowe akaja mwenyewe mpaka mbele ya turubai, kwa miguu yake. Akavua miwani. Sikujua kama macho yake ni madogo vile.

"Ni kazi," akasema. Akakohoa. "Makaburi ni kazi. Haya yaliyobaki, na yale ya juzi na jana. Yote. Semeni bei yenu tuanze kesho."

Watu wote wakamgeukia mama Kabula. Hakunyanyuka mkekani. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mchele wa watu wa kijiji, akaendelea kuchambua.

"Wabeja, baba," akasema, ndiyo asante yetu. "Bei tutakwambia tukishaanua tanga."

"Mtaanua lini?"

"Wafu ni wengi," mama Kabula akajibu. "Karibu ukae."

Hakukaa.

Hivyo ndivyo siku ilivyokwisha. Jumatatu matingatinga yakija yatatukuta, au hayatatukuta, sijui. Kama nina kazi, sijui. Kama watasema bei akaikubali halafu akageuka tena, hilo nalo sijui, na nikijua tabia yake siwezi kuapa. Hakuna aliyenishukuru kwa kukaa mkekani, na ni haki yao, kwa sababu neno lile lilitoka kinywani mwangu.

Wakati naondoka, mama Kabula aliuliza kwa sauti nani atapika kesho. Nimenyoosha mkono. Maharage nimeshaloweka.